Shangazi, kichwa changu hakinyamazi

Shangazi, nina miaka 36, mama wa watoto wawili, mhasibu kwenye SACCOS hapa Tanga. Tatizo langu ni mawazo. Meneja akiniandikia “kesho nione”, silali. Naiona barua ya kufukuzwa kazi. Rafiki akisoma ujumbe wangu asijibu, najua nimemkosea. Mwanangu akikohoa, namwona wodini. Nimesikiliza wahamasishaji, nimebandika maneno kwenye kioo, nimesoma uradi mpaka nikasinzia, lakini saa tisa usiku mawazo yananiamsha. Mume wangu anasema niache mawazo, nitapata presha. Juzi redioni mtaalamu akasema anayetaka kutoka kwenye fikra mbaya ashuke kichwani aende moyoni. Nikajiuliza, huko moyoni ndiko iliko hofu yote, nikashuke kufanya nini? Na je, hii si dalili kwamba imani yangu ni ndogo? (Mama alifariki mwaka juzi nikiwa Mwanza kwenye mafunzo. Nilikuta wameshamwosha na kumzika. Mama mkubwa alisema neno. Hilo limeshapita.) Nifundishe jinsi ya kukifunga mdomo kichwa changu.
Mwenye Kichwa Kizito, Tanga. (Barua imefupishwa.)

Mwanangu, chai yangu imepoa kwa sababu yako.

Barua yako imejaza kurasa nne, tena kwa mwandiko wa mtu wa hesabu: wazo gani lilikuja siku gani, saa ngapi, likakunyima usingizi kiasi gani. Nilicheka kidogo, usininunie. Hata mawazo umeyafungulia leja! Ila nilipofika ukurasa wa mwisho kicheko kilikwisha. Katika kurasa zote hizo mama yako mzazi amepata mistari miwili, nayo umeitia kwenye mabano na kuifunga kwa maneno “hilo limeshapita”. Jambo lililopita kweli, mtu halikumbuki anapoandika barua ya kuomba msaada.

Tutafika huko. Kwanza nikujibu ulichoniuliza, maana naona wewe si mtu wa kuzungushwa.

Unataka kichwa kifunge mdomo. Hakifungi, na hilo halitokani na udhaifu wako. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Daniel Wegner alichapisha majaribio aliyoyafanya na wanafunzi wa chuo. Mwanafunzi aliketi peke yake, akatakiwa kwa dakika tano aseme kwa sauti chochote kinachompitia akilini, ila asimfikirie dubu mweupe. Akimfikiria tu, apige kengele. Kengele zililia zaidi ya mara moja kila dakika, na hao ni watu wasio na ugomvi wowote na dubu. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria wapendavyo, walimfikiria kuliko wenzao ambao tangu mwanzo hawakukatazwa. Ukiitazama sababu utaiona mwenyewe: ili uwe na hakika kwamba humfikirii dubu, lazima sehemu ya akili yako ikeshe ikimtafuta. Na anayetafutwa hivyo hakosi kuonekana.

Dubu wako wewe ni meneja. Unapanda kitandani ukijiambia, “Leo simuwazi kabisa.” Umeshamkaribisha, na shuka umemfunulia. Yale maneno ya kwenye kioo nayo, “Mimi ni mshindi, sina hofu”, yana hofu ndani yake, na unayasoma kila asubuhi ukiwa na mswaki mdomoni. Yabandue. Waliokuuzia maneno hayo sina neno nao, kila mtu na riziki yake, lakini aliyekwambia “fikiria chanya tu” amekuongezea mzigo. Zamani ulikuwa na hofu peke yake. Siku hizi una hofu, na una aibu ya kuwa na hofu.

Nimeikagua leja yako. Meneja alitaka uchague tarehe za likizo. Rafiki alikuwa ukweni, simu ameiweka kwenye pochi. Mtoto alikuwa na mafua. Hakuna wazo hata moja lililotimia. Angekuwa mwingine angekuambia, basi, ushahidi huo hapo, poa. Na kweli iko tiba ya namna hiyo. Daktari mmoja wa Philadelphia, Aaron Beck, miaka ya 1960 alitambua kwamba wagonjwa wake wenye sononi walikuwa na fikra zinazowajia haraka bila kuitwa, nao wakiziamini papo hapo kana kwamba ni habari zilizothibitishwa. Akawafundisha kuzihoji: nani kasema, ushahidi uko wapi, hakuna maelezo mengine? Tiba hiyo imesaidia watu wengi na leo inafundishwa duniani kote. Naiheshimu. Lakini wewe, mwanangu, kuhoji unajua. Ushahidi unao, umeupanga kwa tarehe, na bado saa tisa usiku macho yako yako kwenye dari. Kwa hiyo ushahidi siyo kinachokosekana kwako.

Wazee walisema aumwaye na nyoka akiona ung’ongo hushtuka. Kurasa nne zote umenionyesha ung’ongo: ujumbe wa meneja, simu ya rafiki, kikohozi cha mtoto. Unaniapia kwamba sasa unajua ni ung’ongo tu, na hapo hapo unaniuliza mbona bado unashtuka. Unashtuka kwa sababu ya nyoka, mwanangu. Siku aliyokuuma ndiyo hiyo uliyoificha kwenye mabano.

Kabla sijaingia huko, hili la imani ndogo naomba tulimalize, maana linakuumiza bure.

Wewe ni mtoto wa pwani, umekua ukisikia jina la Imamu Ghazali. Katika Ihyaa Ulumuddin, kitabu chake kikubwa chenye vitabu 40 ndani yake, kimoja amekitenga kueleza maajabu ya moyo. Humo anapambanua hatua za wazo: linavyopita moyoni lenyewe, nafsi inavyovutika nalo, mtu anavyoliamulia, kisha anavyokusudia kulitenda. Hizo mbili za mwanzo, anasema, mja haulizwi kwazo, kwa kuwa hakuzichagua. Sasa tazama: mwanachuoni wa cheo kile anakuondolea lawama, wewe unaing’ang’ania!

Na Ghazali hakuwa anazungumza mambo ya kuhadithiwa. Mwaka 1095, akiwa mwalimu maarufu wa chuo cha Nidhamiya mjini Baghdad, mawazo yalimzidi. Yake yalikuwa tofauti na yako. Alikuwa akijiuliza kama elimu anayoifundisha anaifundishia Mungu au anaifundishia sifa. Akavutana na nafsi yake karibu miezi sita. Leo anaamua kuacha kila kitu aondoke, kesho anaghairi. Mwisho ulimi wake ukafungika. Alikuwa akijikaza aseme japo neno moja kuwaridhisha wanafunzi wake, na neno halitoki. Chakula kikawa hakipiti. Amesimulia mwenyewe kwamba waganga waliomtibu walikata tamaa. Walisema ugonjwa umeanzia moyoni ukaenea mwilini, na hauna dawa mpaka huo moyo upumzishwe na kilichoulemea. Hawakumwambia aongeze hoja. Hoja alikuwa nazo kuliko wote waliokuwa Baghdad. Aliiacha kazi, akaelekea Sham.

Sikuambii uiache SACCOS, tafadhali. Ada za watoto zitalipwa na nani? Ninachokuonyesha ni kwamba mtu mwenye imani ya Ghazali aliugua hivi hivi, na waliomjua walimtazama moyo.

Ndiyo maana yule mtaalamu wako wa redioni sitamcheka sana. Kasema nusu. Kushuka moyoni hakuna maana ya kufuata kila moyo unachotaka, kwa sababu moyo wako leo ukiuuliza unataka nini utasema unataka kujifungia chumbani. Wala huko hakuna utulivu unaokungoja. Hapo uko sahihi kabisa: huko ndiko iliko hofu. Lakini hebu niambie, tangu lini mtu akamtuliza anayelia kwa kukaa mbali naye?

Kichwa kina swali moja tu siku zote: itakuwaje? Itakuwaje kesho, itakuwaje nikifukuzwa, itakuwaje mtoto akizidiwa. Swali hilo halina mwisho, maana kesho haijafika, ukipata jibu litazaa swali lingine. Moyoni tunakwenda na swali jingine: nini kinaniuma sasa hivi, na kinaniuma wapi? Hili lina jibu. Kifua kimebana. Koo limekaza. Nina huzuni. Namtaka mama yangu.

Sasa tuyatoe mabano.

Umeandika kwamba mama mkubwa alisema neno, na neno lenyewe hukuliandika. Misiba ya pwani nimeikalia mingi, nadhani nalifahamu: “Kaoshwa na wa kando, na binti anaye.” Kama silo, ni ndugu yake. Na neno hilo lilikuingia kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa umeshajiambia kabla yake, ndani ya basi, kutoka ziwani mpaka pwani, ukipiga hesabu za saa na kilomita na kuona kwamba hufiki.

Hebu soma tena leja yako ukijua hilo. Meneja anakuita: nimeharibu kitu, na nitajua wakati umeshapita. Rafiki kanyamaza: nimemkosa alipokuwa ananihitaji. Mtoto anakohoa: safari hii pia nitachelewa. Wewe uliona mawazo mia. Mimi naona moja, linabadilisha nguo: sikuwepo nilipotakiwa kuwepo. Na hiyo saa tisa ya usiku, mwanangu, simu ya msiba ilikukuta saa ngapi? Hukuandika, nami sitabahatisha. Jiulize.

Nitasema wazi, kwa sababu nahisi hakuna aliyekuambia. Hukumtupa mama yako. Ulikuwa kazini, mbali, na dini yenu inahimiza maiti asicheleweshwe. Waliomwosha walimtendea haki yake, hawakukunyang’anya wewe. Mama mkubwa naye siku hiyo alikuwa kafiwa na mdogo wake. Mfiwa hutafuta wa kumbebesha, naye aliyeko karibu ndiye hubeba. Hayo yote ni kweli, na yote hayatoshi, maana kichwa chako kitayapokea, kitayajibu, na kesho tutaanza upya. Uchungu wa kutomwosha mama yako kwa mikono yako hauhitaji kujibiwa. Unahitaji kuliliwa, na wewe hujamlilia mama yako. Ulifika msiba umekwisha, ukakunja mkeka, ukarudi kazini.

Kwa hiyo usiku ukikuamsha, fanya hivi. Simu iache ilipo. Keti kitandani, weka kiganja kimoja kifuani, na vidole viwili vya mkono mwingine kwenye shingo, pale mshipa unapodunda. Vuta pumzi taratibu, utasikia mapigo yanakwenda mbio kidogo. Itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, utasikia yanapungua. Hiyo siyo siri ya waganga. Kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, na unapotoa pumzi ndipo mshipa huo unapoushika moyo usikimbie. Kaa hivyo dakika kadhaa. Wazo la meneja litakuja, maana linajua njia. Usilifukuze, usiligombeze, usiliulize ushahidi. Liambie, “Nimekuona,” kisha urudi chini ya kiganja chako uulize pale panauma nini. Ukipata jina la kinachouma, liseme kwa sauti ndogo, na useme nacho kama unavyosema na binti yako akiamka usiku kwa ndoto mbaya. Sidhani huwa unamwambia, “Acha mawazo, utapata presha.”

Machozi yakija yaache. Usiku wa kwanza huenda usione chochote. Usiku mwingine utalia mpaka mume aamke, naye asijue la kufanya. Mwambie mapema kwamba hutaki ushauri wake, unataka mkono wake. Wanaume wengi wakipewa kazi inayoeleweka huifanya vizuri. Na nakuomba, nakusihi: usiiandike kwenye leja!

Ila kazi hii ya usiku haitoshi peke yake. Huko Harare, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, baada ya kumpoteza mgonjwa kijana ambaye familia yake ilikosa nauli ya kumfikisha hospitali, aliwafundisha akina bibi 14 wa mtaani kuwasikiliza watu waliozidiwa na mawazo. Hakuwapa ofisi. Waliketi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Bibi hakuhubiri, aliuliza na kusikiliza mpaka mambo yote yatoke, kisha akamwomba mtu achague jambo moja, moja tu, na hatua ya kulishughulikia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye mabenchi hayo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umevuka mipaka, hadi Malawi na Zanzibar.

Kinachonifurahisha pale ni hilo jambo moja. Lako ni hili: nenda kawaone wanawake waliomwosha mama yako. Wako hapo hapo Tanga, huenda mnakutana sokoni na unapita upande wa pili. Nenda na kanga, au sukari, au mikono mitupu. Waombe wakusimulie alikuwaje siku zake za mwisho, nani alikuwa naye, alimtaja nani, alisemaje juu yako. Yaliyo siri ya josho watayahifadhi, wanajua adabu yake. Wewe unachohitaji ni kukaa na waliokuwepo, mpaka siku hiyo ikome kuwa kitu ulichokikuta kimefungwa. Unajua pia kwamba kuwaendea marafiki wa mzazi aliyetangulia ni sehemu ya wema kwake, pamoja na dua na sadaka. Mlango wa kumtendea haujafungwa kwa sababu ya basi.

Sikuahidi kwamba meneja akikuandikia tena “kesho nione” hutashtuka. Utashtuka. Huenda ukalala, basi. Na mambo ya mchana yabaki ya mchana: ukipokea ujumbe wa namna hiyo, mjibu hapo hapo, “Sawa, ni kuhusu nini?” Maneno manne, na hayana kiburi chochote. Mhasibu mzima unaogopa kuuliza!

Jambo jingine ni zito, lisome vizuri. Ikiwa usingizi unakatika karibu kila siku kwa wiki kadhaa, chakula hakipiti, kazi inakushinda, au linakuja wazo kwamba afadhali usingekuwepo, usingoje jibu la gazeti. Nenda hospitali, hapo kwenu hata Bombo, umweleze daktari mawazo yanavyokufanya, usimtajie kichwa kuuma peke yake. Wazo hilo la mwisho likija, mwamshe mume wako usiku huo huo. Kutibiwa hakupunguzi imani, na Ghazali naye waganga aliwakubali wamwone.

Na kabla ya kwenda kwa waliomwosha mama yako, kwa mama mkubwa ndiko uanzie. Sio kumshitakia, wala kumwomba radhi. Yeye kapoteza mdogo wake, wewe umepoteza mama, na tangu msiba ule hamjakaa mkamlilia pamoja. Mpigie leo kabla ya magharibi, umwambie unakuja.